Mtihani wa Kichwa Changu

Jumatatu, 5 Oktoba
Aibu! Mhasibu mpya kaomba ufunguo wa kabati la mafaili, nikampa wa choo. Mimi! Miaka kumi na tisa natunza funguo za jengo hili, funguo mia moja themanini na sita, hakuna hata mmoja wenye namba. Kila mmoja naujua kwa kuugusa. Mhasibu alicheka akidhani ni utani. Nikacheka pia. Kazini huwa sitanii, lakini yeye ni mgeni, hajui.

Bwana Vibao hakucheka. Huyu ni msaidizi wa meneja, na tangu aajiriwe anataka kila ufunguo uvishwe kibao cha namba. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akaandika kitu kwenye simu.

Jumanne, 6 Oktoba
Neno limepotea. Lile dude la kubana karatasi. Nimelisaka kichwani tangu saa tatu hadi saa tano, mwishowe nikamwomba karani "meno ya karatasi". Kanipa stepla bila hata kuuliza. Ina maana wameshazoea! Halafu joto: limenipanda kutoka kifuani hadi masikioni, mara nne. Nimelisingizia dirisha.

Naandika hapa nisilomwambia mtu. Mama alianza hivi hivi. Kwanza maneno, kisha majina, kisha sisi wanawe. Naogopa sana.

Ijumaa, 9 Oktoba
Mdogo wangu kaniwekea miadi kwa daktari, Jumatano, bila kuniuliza. Eti nimekuwa mkali siku hizi, nimemfokea kwa sababu alikuwa anatafuna. Alikuwa anatafuna karoti! Mbichi! Anasema zamani nilivumilia. Zamani nilikuwa nauma meno na kuhesabu vigae vya sakafuni mpaka amalize. Sasa nguvu za kuhesabu zimeniishia.

Daktari atanipima kumbukumbu, hilo halina ubishi. Nikifeli, habari zitamfikia meneja, na kabati la funguo litakwenda kwa Bwana Vibao. Basi sifeli. Muuguzi mstaafu wa ghorofa ya juu anayajua maswali, kaka yake alipimwa mwaka jana. Nimemtengenezea kitasa cha jikoni, naye kamwaga yote: siku na tarehe, kuchora saa, kuhesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa kuondoa saba saba, na kukumbuka maneno matano. Hata maneno yenyewe kanipa! Kijiko, daraja, shati, ng'ombe, taa.

Jumapili, 11 Oktoba
Mazoezi tangu alfajiri. Mia, tisini na tatu, themanini na sita. Nahesabu hata nikipiga mswaki. Nimechora saa hamsini na mbili. Jasho lilinichuruzika, nikavua fulana, nikaendelea. Mdogo wangu kaingia bila hodi, akakuta saa zimetapakaa sakafu nzima, zote saa tano na dakika kumi, na mimi katikati na sidiria. Akauliza kama niko salama. Nikasema najifunza kuchora. Aliondoka, nikamsikia kwenye ngazi akimpigia mtu simu.

Jumatano, 14 Oktoba
Wameahirisha hadi kesho! Daktari kapata dharura. Na mimi nilikuwa nimeiva! Kutwa nzima kazini nimefunga mdomo, maneno matano yasije yakamwagika. Bwana Vibao kaomba ufunguo wa stoo, nikauonyesha kwa kidole. Ukafungua stoo. Chukua hiyo!

Alhamisi, 15 Oktoba
Daktari ni mwanamke wa makamo, na ana feni ndogo mezani. Kanisalimia, kauliza naendeleaje. Nikajibu: Jumatano, tarehe kumi na nne, Oktoba. Nikagundua kosa, nikaona nifidie haraka: kijiko, daraja, shati, ng'ombe, taa. Hakuwa amenitajia neno hata moja. Nikachukua kalamu yake nikamchorea saa. Mdogo wangu, ambaye aliingia kwa nguvu, akajifunika uso kwa mkoba.

Daktari aliitazama saa akasema imechorwa vizuri sana. Kisha akaanza maswali yasiyokuwamo kwenye mtihani! Nalala? Joto linapanda? Hedhi ya mwisho lini? Nikamtajia tarehe, na saa. Nilikuwaje utotoni? Nikasema kawaida tu. Mdogo wangu akaangua kicheko. Akatoboa yote: vijiko nilivyovipanga kwa urefu na kulia vikivurugwa, lebo ninazozikata kwenye kila nguo, kadi ninazojiandikia salamu za kukariri kabla ya kwenda harusini. Msaliti!

Daktari akasema taratibu kwamba haoni dalili za ugonjwa wa mama. Hedhi inakoma. Wakati huu maneno hupotea, joto hupanda, usingizi hukimbia, na vyote vina matibabu. Tena anadhani ubongo wangu umeumbwa kivyake tangu kuzaliwa, huenda ni usonji. Maisha yote nimejikaza nifanane na wengine, na sasa mwili umechoka kujikaza. Kwa hiyo karoti ni kweli zina kelele! Atanituma kwa mtaalamu.

Nikalia. Kwa sauti, mbele ya watu. Miaka hamsini na moja nilidhani nina roho mbaya. Mdogo wangu naye akalia, akaniambia, "Dada, mi nilidhani unatuacha kama mama." Nikampa leso. Nimetoka pale mwepesi, nikala chakula cha watu wawili.

Ijumaa, 16 Oktoba
Nimemwambia meneja mwenyewe. Kasema mkewe naye, kwa joto hilo hilo, hulala miguu nje ya shuka. Nimepewa feni, na kabati ni langu. Bwana Vibao kasema pengine vibao vingenisaidia siku maneno yakigoma. Alisema kwa upole, na mimi kwa upole nikaahidi kufikiria. Nimefikiria. Hapana.

Jumamosi, 17 Oktoba
Fomu ya mtaalamu imefika. Maswali hamsini. Daktari alinisihi: hapa hakuna kufaulu wala kufeli, nisijiandae, nijibu lolote linalonijia, bila kufikiri. Amenielewa sana mama yule, Mungu ambariki. Nimetoa kopi tatu na kuanza mazoezi ya kujibu bila kufikiri, dakika arobaini kila asubuhi, mdogo wangu akinipimia muda. Swali la kumi na nne bado nalifikiria kidogo, lakini litakaa sawa.