Kiduara Mdomoni mwa Elisifa

Jumatano, 9 Julai
Leo tena! Kwenye video kwaya ya usharika imesimama, marehemu mke wangu Elisifa katoka mbele, kafungua mdomo aimbe peke yake, mara kiduara cha kusubiri mtandao. Kinazunguka juu ya meno yake. Nimechemsha chai, nimekunywa, bado kinazunguka. Na Jumapili shemeji Gladys anakuja kutoka Tarakea. Alikuwa amelazwa hospitalini tulipomzika dada yake. Ameomba kitu kimoja tu: amsikie akiimba mpaka mwisho. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kisanduku changu cha video za mtandaoni ni cha kisasa.

Alhamisi, 10 Julai
Adui nimemjua. Migomba! Majani yake yamejaa maji, mtandao utapitaje? Ruta iko dirishani, mnara uko bondeni, migomba katikati. Ile ya Elisifa siigusi. Alikuwa akipita anaigusa mmoja mmoja, kama anaisalimia. Nimefyeka majani ya iliyo nyuma yake. Kazi safi. Kiduara vilevile.

Ijumaa, 11 Julai
Iliyo nyuma yake ni ya jirani, Filemon. Nilivuka mpaka bila kuuona. Amekuja asubuhi, amekataa hata kuketi, ameuliza kama nimeanza biashara ya majani. Nikamweleza habari za mnara. Akasema mnara uko upande wa pili, nyuma ya banda langu. Jioni nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikampelekea kuomba msamaha. Isale halikataliwi huku kwetu, hata na Filemon. Alilipokea akinung'unika.
"Haya, Baba Goodness, kayabebe hayo majani ng'ombe wako ale. Wewe hata kuharibu humalizi."

Jumamosi, 12 Julai
Nikiwa namlisha ng'ombe, simu ikaita mfukoni. Bandani! Ndani ya nyumba haiiti kamwe. Kumbe mtandao unapenda ng'ombe. Nimehamishia bandani ruta, kisanduku na televisheni. Ng'ombe ameramba kioo. Kiduara bado kipo, ila naona kinazunguka kwa moyo zaidi. Dalili njema.

Jumapili, 13 Julai
Gladys amefika baada ya ibada, na nguo zake za kanisani. Hakucheka. Aliketi kwenye kigoda cha kukamulia. Elisifa akafungua mdomo. Kiduara. Nikatazama chini. Gladys akaomba rimoti, akabonyeza hapa na pale, picha ikaingia ukungu kidogo. Kisha Elisifa akaimba. Ubeti mzima, na ile pumzi yake ndogo ya kumalizia. Nilikuwa nimeisahau.
"Ndiye mwenyewe," Gladys akasema taratibu.
Tukairudia mpaka maziwa yakachelewa kukamuliwa.

Jumatatu, 14 Julai
Kabla ya kuondoka, Gladys ameniambia alipunguza tu ubora wa picha, na kwamba vyombo vinaweza kurudi ndani. Nimemshukuru sana. Mtu mwenye majonzi humbishii. Lakini mimi niliona kwa macho yangu: ng'ombe aliacha kutafuna, video ikatulia. Nimempigia fundi aje apanue mlango wa sebule. Nimemtahadharisha kwamba mgeni ana pembe.