Rufaa Kuhusu Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Afya ya Akili,
Ghorofa ya chini, mlango unaogoma kufunga.

Daktari Mheshimiwa,

YAH: KUPINGA MATOKEO YA MTIHANI WA KUMBUKUMBU

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na mlionifanya hivyo ni ninyi. Mimi ndiye yule mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye wanafunzi walimbatiza jina la Rula, mgonjwa wenu wa huzuni tangu mume wangu afariki. Juzi nilikuja kuchukua dawa, nikakalishwa mtihani wa ghafla, nikaangushwa. Kwa ajili hiyo binti yangu amekichomoa kichwa cha mtungi wa gesi nisiwashe jiko, na anakwenda nacho kazini ndani ya mkoba. Anataka nyumba yangu ifungwe, nihamie kwake. Naomba karatasi yangu isahihishwe upya, kwa sababu hizi:

1. Msimamizi alikuwa mgeni kabisa. Muuguzi yule sijapata kumwona maishani, lakini alinishika mkono, akaniita Mama, na akajua kwamba chai nainywa bila sukari. Mtu usiyemjua akijua mambo yako yote, huo ni upelelezi.

2. Alinipa maneno matatu nishike: ndoo, kofia, sindano. Kabla sijayashika vizuri akauliza leo ni siku gani. Nikajibu, siku ya kliniki. Kama haikuwa siku ya kliniki, yeye alikuwa anafanya nini pale? Nikanyimwa alama.

3. Nilitakiwa kutoa saba kutoka mia, tena na tena, kwa mdomo. Nikaomba karatasi ya kuonyesha njia, nikanyimwa. Maisha yangu yote nimewachapa watoto wa watu kwa kutoonyesha njia. Siwezi kuzeeka nikageuka mhuni.

4. Hili ndilo linaloniuma. Niliambiwa nichore saa, mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Nikaweka mshale mfupi kwenye tano na mrefu kwenye mbili, kama anavyoiona kila mtu anayerudi nyumbani jioni. Nikapigwa mkasi, alama ya kosa! Eti mshale mfupi ulitakiwa uwe kwenye kumi na moja. Daktari, hiyo ni saa tano. Mtihani umetafsiriwa na mtu aliyesahau lugha ya mama yake, halafu msahaulifu ni mimi.

5. Zamani nikisahau mlisema ni huzuni, itaondoka. Nikasubiri. Sasa huzuni imepungua, nacheka, nasengenya vizuri tu, ninyi mnasema usahaulifu huenda ni ugonjwa mwingine. Kama ndivyo, nirudishieni huzuni yangu. Ile nilikuwa nayo, na gesi pia nilikuwa nayo.

6. Watumishi wote wa kliniki, kuanzia wewe, mfanye mtihani huo mbele yangu, mimi nikiwa na kalamu nyekundu. Atakayeanguka, mwanawe aje achukue gesi yake.

Kichwa changu hakina kasoro. Yale maneno matatu ninayo hadi leo: ndoo, kofia na uzi.

Nisalimie mlinzi wa getini, mama wa usafi, mtu wa dirisha la dawa, na yule mzee wa benchi la kusubiri anayedhani mimi ni mkewe. Mwambie bado nafikiria.

Wako mwenye kunywa chai baridi,
Mwalimu Rula (mstaafu)

N.B. Binti yangu ameisoma barua kabla sijaifunga. Kuhusu uzi tumebishana kidogo. Nimemwambia uzi na sindano ni ndugu. Ila alipofika namba moja alikaa chini akalia. Anasema muuguzi yule ndiye aliyenihudumia tangu mwanzo. Baada ya mazishi alikuwa akija nyumbani kunipa dawa, na chai ile tulikuwa tukiinywa pamoja. Nimemtafuta kichwani, uso wake siuoni. Naogopa, Daktari. Basi nafuta namba moja, na nyingine zote zifuatane nayo. Kichwa cha gesi kibaki mkobani, nami nitahamia kwa binti. Mwambieni muuguzi anitajie jina lake tena, na nikilisahau asichoke.

Namba nne tu siifuti. Ile saa niliichora sawa.