Sindano ya Dira kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

"Sindano ya dira haijui habari za tetemeko, kama kuku asivyojua habari za uchaguzi." Kasema Mwalimu Ludovick, mwalimu wa fizikia, mbele ya kijiji kizima cha Mlali. Uongo! Kuku anajua mengi. Nimesoma: uga wa sumaku ya dunia huyumba, na wapo wataalamu wanaoshuku kuwa huyumba zaidi kabla ya tetemeko. Ludovick anadai hawajathibitisha. Basi nitawathibitishia mimi.

Jambo lenyewe si ubishi mtupu. Mama mkwe, Mama Sidonia, analala kwenye tembe la udongo lenye ufa unaoingia kiganja. Hataki kuhamia kwetu. Sindano ikisema, atasikia.

Nimepigilia vigingi viwili kwenye ukuta wake, upande wa nje. Juu yake kibao, juu ya kibao dira. Vigingi vya mti, si vya chuma. Sikusoma bure! Ufa umepanuka kidogo. Si kitu.

Jumanne, 8 Oktoba

Asubuhi sindano imetulia. Jioni imehama! Nimempelekea Ludovick habari. Akauliza nyuma ya ukuta kuna nini. Nikamjibu kuna chumba cha mama mkwe. Akasema nikaingie nitazame.

Huyu mtu kalelewa wapi? Mkwe aingie chumba cha mama mkwe! Hata kuchungulia sijawahi, na sitaanza kwa ajili ya fizikia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sindano imezunguka kama mlevi. Nikakimbilia kanisani, nikagonga ile rimu ya lori tunayoifanya kengele. Watu wote nje! Mbuzi nje. Mwajabu, jirani yetu, katoka na mwiko, akiuliza ugali wake ataulipia nani.

Mama mkwe peke yake hakutoka. Alimtuma mke wangu Emiliana aniambie kwamba tetemeko likimhitaji, litamkuta ameketi.

Tukangoja. Ardhi kimya. Ludovick akamwomba Emiliana aingie atazame, yeye ni binti, si mkwe. Akatoka anakokota plau, lile jembe la chuma la kukokotwa na ng'ombe. Sindano ikaifuata kama ndama anavyomfuata mama yake.

Kumbe mama huilaza plau ndani akiogopa wezi. Msimu wa kulima umekaribia, kila siku huitoa kuipaka mafuta, jioni huiegemeza ukuta uleule. Kijiji kikacheka hadi kikakaa chini. Mama akatuma neno jingine: "Mwambie mkwe wangu, tetemeko hilo ni la kulimia."

Mama mkwe hajibiwi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo mama kahamishia kazi yake ya mafuta mbali, kwenye kivuli cha zizi. Kasema hataki plau yake ituamshie kijiji tena. Alikuwa hukohuko ukuta ulipoanguka. Wote! Paa likalalia kitanda chake.

Nilikaa palepale kwenye vumbi mpaka nikamsikia akikohoa zizini.

Ludovick alikuja, akaokota bonge la udongo lenye kigingi changu katikati na ufa pande zote mbili. Akaniwekea mikononi. Afadhali angenitukana.

Mama akamtuma Emiliana: mkwe kabomoa nyumba, mkwe ataweka kitanda kwake.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama mkwe yuko kwenye chumba changu cha kusomea. Vitabu vyangu viko kwa kuku.

Nimetafakari kwa utulivu. Bila dira, plau isingejulikana. Isingejulikana, mama asingekwenda zizini. Asingekwenda, tungekuwa msibani leo. Nani basi kamwokoa? Sindano!

Nimepigilia vigingi vipya, nje ya chumba chake kipya. Virefu zaidi. Jioni hii sindano imehama, tena sana.

Mwalimu Ludovick, Mwajabu, nanyi nyote mliocheka: nikigonga rimu, tokeni nje! Na asithubutu mtu yeyote kumtuma Emiliana aingie kutazama.