Rais Ajaye Yuko Tayari Ukutani

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Afisa ugavi wa serikali kaingia dukani kwangu, kwa miguu yake mwenyewe. Kasema baada ya uchaguzi kila ofisi mjini itataka picha ya rais mpya, na fundi fremu atakayekuwa tayari mapema ndiye atakayepewa kazi yote. Kamwambia na Msumari vilevile, yule fundi wa ng'ambo ya barabara, lakini hiyo ni adabu tu.

Mke wangu kasema nikiikosa hii tunafunga duka, na mimi nakwenda kuziba pancha kwa shemeji, kaka yake. Mimi, mtu wa sanaa! Nimemwambia atulie. Wengine wasubiri matokeo. Mimi rais namchagua wiki hii.

Jumatano, 6 Machi

Vyama bado havijateua mtu, ila majina yanayotajwa ni matatu. Nimeyapima kitaalamu. Daktari anacheka mno kwenye picha; mfanyakazi kachelewa kazini, halafu rais anamchekea kutoka ukutani? Haifai. Mama Hakimu ana sura pana, inakula mbao. Kanali mstaafu ndiye hasa. Uso mwembamba, masharubu yamenyooka, hahitaji hata rula. Sera zake sijazisikia, lakini mtu wa masharubu kama yale hawezi kukosa sera.

Msumari kapita, kaniuliza namtaka nani. Nikamnong'oneza: Daktari. Akatikisa kichwa taratibu. Uongo wangu kaumeza wote.

Ijumaa, 8 Machi

Mbao ziliisha, akili haikuisha. Kitanda cha wageni kilikuwa kimekaa bure, mbao ngumu safi. Nikakikata mke akiwa sokoni. Sasa kina Kanali wamejaa ukuta mzima. Mgongo wa kila fremu nimeuziba kwa gundi na misumari, ili jirani asije akachomoa picha na kutia ya mtu wake. Huko ndiko kuona mbali.

Mke karudi, kauliza kitanda kiko wapi. Nikamjibu kinalitumikia taifa. Kasema mama yake anakuja Jumapili, kwamba kura yake yeye ni ya Mama Hakimu, na kwamba mimi nijitafutie pa kulala. Siasa hazijui.

Jumapili, 10 Machi

Redio imetangaza mchana. Kanali hagombei. Eti amechoka, anataka kufuga sungura na kukaa na wajukuu. Nilikaa chini. Kwa dakika chache nilimchukia kweli, na yeye ananikodolea macho kutoka kila pembe ya ukuta.

Mara mama mkwe akaingia na begi lake. Akawatazama wote, mmoja mmoja. Akasema huyo ndiye mwanasiasa pekee mwenye akili, ndiyo maana kajitoa. Akaomba mmoja, nikampa watatu. Akaniita fundi. Tangu nimwoe binti yake, leo ndiyo kaniita fundi! Yeye analala kitandani kwetu, mimi nalala dukani, na usingizi utakuwa mtamu.

Jumanne, 12 Machi

Nimechungulia kwa Msumari. Maskini. Kapanga fremu tupu, nyuma zina vibanio vya kufungua na kufunga. Atakayeshinda, yeyote yule, anatumbukizwa tu. Mtu hana msimamo kabisa. Nilicheka mpaka mke akatoka kuona kuna nini. Kazitazama zile fremu, kisha kasema kumbe jirani ana akili. Nimemsamehe. Hajalala vizuri, mama yake anakoroma.

Alhamisi, 14 Machi

Afisa ugavi alitaka sampuli leo, fremu moja tupu. Tupu! Nipeleke dirisha serikalini? Nimempelekea Mama Hakimu, mpana, kapendeza, gundi nimemtia maradufu ya Kanali. Mbao nimepata kwenye mlango wa kabati la mke wangu.

Afisa kaigeuza fremu, kajaribu kuifungua nyuma, ukucha ukamkatika. Kasema tangu aanze kazi hajawahi kuona kitu kama kile. Kasema hivyo mbele ya Msumari! Msumari mwenyewe hakusifiwa hata kidogo, kapewa karatasi za kusaini tu, kaondoka nazo.

Jioni shemeji kaja nyumbani na ovaroli mpya, saizi yangu kabisa. Sikujua kama naye anajua kumpongeza mtu.