Korongo Wawili wa Kisesa

Jumatatu, 1 Julai 1996

Tangu karakana ya ushirika ifungwe, mimi niliyekuwa karani wa stoo sina kazi, ila vyuma chakavu ninavyo tele. Nimeunda korongo. Miguu ni foku za baiskeli, mabawa ni bati. Ukivuta mnyororo, anafungua mdomo. Mjomba Mihayo, kiongozi wa ngoma ya Wagika, amecheka hadi akakaa chini. Anamtaka uwanjani Jumapili, watakaposhindana na Wagalu. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Nimekubali. Mjomba hakataliwi.

Jumanne, 2 Julai

Nimeitwa na Mzee Mashimba, baba yake Selina. Ndiye kiongozi wa Wagalu. Nilimpa shikamoo; badala ya marahaba akauliza kama ni kweli naunda wanyama. Wagalu wakishinda, ataipokea posa yangu. Nimemwahidi mamba. Korongo sikumtaja. Hakuniuliza.

Ijumaa, 5 Julai

Mamba anafungua mdomo, kuufunga hataki. Nimehangaika naye kutwa. Jioni nimemwekea miguu mirefu na mabawa. Sasa ni korongo. Nimempaka rangi ya kijani. Wa Mjomba ni mwekundu. Hakuna atakayejua kuwa ni ndugu.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma zote mbili zilianza pamoja. Alipotokea korongo mwekundu, watu wakakimbilia kwa Wagika. Alipotokea wa kijani, wakarudi mbio kwa Wagalu. Kisha wakasimama katikati, ngoma wakazisahau. Mama mmoja akapaza sauti: "Jamani, hawa mapacha baba yao nani?"

Selina akaninyooshea kidole.

Hakuna aliyeshinda. Mjomba na Mzee Mashimba, ambao hawajasalimiana tangu mwaka juzi, walinijia wameongozana. Mjomba alisema nitafute mjomba mwingine. Mzee Mashimba alisema mkwe wa pande mbili akaoe pande mbili. Selina akaongeza kwamba upande wake nisiuhesabu.

Jumatano, 10 Julai

Selina ametuma neno. Baba yake amepoa. Niende mwenyewe, niombe radhi kama mtu mzima, basi. Nimefikiri. Maneno matupu hayatoshi. Nitampelekea ng'ombe wa chuma. Mjomba naye bado amenuna, hawezi kuachwa mikono mitupu. Vyuma vinatosha ng'ombe wawili. Safari hii nimekuwa mwangalifu: mmoja sitamwekea pembe.