Mbuzi Wasio na Vichwa

Umuro alikuwa na malori matatu, nyumba ya mawe na ndevu nzuri, lakini asubuhi ile hotelini, karibu na stendi ya malori ya Isiolo, alikuwa anakaribia kulia. Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa, mwaka wa uchaguzi, na Umuro anagombea udiwani. Alikuwa ametoka kuhutubia soko la mifugo. Katikati ya hotuba ngamia mmoja alianza kupiga kelele, na watu wote wakageuka kumsikiliza ngamia.

"Watu haniogopi," alimwambia mwenye hoteli. "Mimi naongea, wao natafuna miraa tu. Mimi niko na gari tatu, abo! Gari tatu!"

Kwenye meza ya nyuma, mwanamume mmoja mwembamba aliyevaa koti la kijivu aliweka chini kikombe cha chai, chai ambayo hakuwa na nia ya kuilipia. Jina lake Shuriye. Babu yake alikuja Isiolo kama askari, bunduki ya Mwingereza begani, baba yake aliendesha lori, naye Shuriye alirithi ulimi. Katika mji ule alikwisha kumuuzia mtu mmoja betri ileile mara mbili, na redio isiyokuwa na kitu ndani, ambayo mnunuzi aliambiwa aisubiri ipate joto.

"Salaam aleikum, mheshimiwa," alisema, akimpa Umuro cheo kabla ya kura. "Shida yako si maneno. Maneno uko nayo. Shida ni macho."

"Macho yangu iko na nini?"

"Iko na huruma. Mtu akikuangalia anaona mtu ya kukopa sukari. Kiongozi anataka macho ya chui."

"Sasa macho ya chui mimi nitapata wapi?"

Shuriye alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama mpaka ndevu za Umuro zikamgusa shavu.

"Kwa chui," alisema. "Lazima umle."

Hapa msomaji atuwie radhi tusimame kidogo, maana kazi safi inastahili heshima hata kama ni ya ulaghai. Nyama ya chui ilikatazwa mara mbili: dini imeiharamisha, na serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji miaka miwili nyuma. Kwa hiyo mteja akiona amedanganywa hawezi kwenda kwa sheikh, na hawezi kwenda kwa polisi. Tena nani katika Isiolo nzima aliyejua ladha ya chui, aje aseme hii siyo?

Alichowauzia wateja wake kilikuwa mbuzi. Alimchemsha kwa pilipili nyingi na ukwaju, akanyunyiza unga kidogo wa makaa ya mgunga ili mchuzi uwe na rangi ya hatari. Na dhamiri yake ilikuwa nyeupe. Umuro alinuia kula haramu, Shuriye akamlisha halali bila yeye kujua. Kama kuna thawabu katika jambo hilo, Shuriye aliona ni yake, na zile pesa zilikuwa za kuni tu.

Maana jambo moja Shuriye hakulifanyia mzaha: tumbo lake. Baba yake, siku za mwisho, alimwambia, "Ulimi wako umenishinda. Lakini haramu usile." Naye hakula. Mama yake, bibi Sirad, alikuwa na maneno aliyowaambia majirani kila walipokuja kulalamika juu ya betri na redio: "Mwanangu ulimi wake mchafu, najua. Lakini tumbo lake ni safi." Shuriye aliyapenda maneno yale kuliko koti lake. Kila alipoyasikia kutoka nyuma ya ukuta alijiona mtu.

Nyama yenyewe aliinunua kwa Tiya wa Kinna. Tiya alikuwa mama mnene mwenye tasbihi mkononi, aliyeingia mjini kila Alhamisi juu ya lori la mahindi, amekalia gunia lake. Ndani ya gunia mlikuwa na mbuzi kwa nusu ya bei ya bucha. Hawakuwa na vichwa, hawakuwa na miguu, hawakuwa na ngozi. Ubavu wao ulikuwa mwembamba, lakini kwa ukame wa mwaka ule kila kitu kilikuwa chembamba. Siku ya kwanza Shuriye aliuliza.

"Kichwa wachungaji nakula," alisema Tiya. "Miguu nafanya supu. Ngozi iko na mtu yake."

"Nani amechinja?"

"Mtoto ya dada yangu, kule Rapsu. Bismillah kubwa kabisa. Na wewe, nyama yote hii unapeleka wapi?"

"Napikia watu wa barabara, wale wanajenga njia ya Marsabit. Watu mia moja."

"Mungu akubariki. Wewe ni mtu mkweli."

"Na wewe pia, mama."

Waliagana wakiwa wameridhishana sana.

Biashara ilikwenda. Umuro alikula sahani mbili Jumamosi, na Jumatatu alipohutubia soko alinguruma hivi kwamba ngamia ndiye aliyenyamaza. Wiki haikuisha, Kalicha, mpinzani wake, akaja kwa mlango wa nyuma na sufuria yake mwenyewe. Akaja mwalimu aliyechekwa na wanafunzi. Akaja karani mmoja mwenye mke mkali. Alikula wiki tatu, na mke akazidi ukali. Shuriye akamweleza kwamba bila shaka mke naye anakula mahali.

Kilichobaki alikipeleka nyumbani. Bibi Sirad alikipasha moto na kumwekea mwanawe baada ya magharibi, pamoja na mkate wa anjera. Akiulizwa, alisema yeye amekwisha kula mapema. Shuriye alikula mpaka akaramba vidole, na mara nyingi aliomba aongezwe. Jambo moja tu lilimkera. Bafta, paka mweupe wa mama yake, aliyezoea kulala mapajani mwake kwa miaka sita, sasa alikuwa akimwona mlangoni anainua mgongo, anapanda juu ya kabati na kukaa huko akimtazama.

"Huyu paka hana shukrani," Shuriye alisema.

"Labda wewe ndiye umebadilika," alijibu mama yake.

Yakapita hivyo miezi mitano. Wiki moja kabla ya kura, Umuro akaja na agizo kubwa: chui mzima, karamu ya wapiga debe wake ishirini. Alilipa yote mbele. Kisha akasimama mlangoni, hataki kuondoka.

"Ile siku wewe naleta nyama, leta na mguu. Mguu na kucha yake."

"Ya nini, mheshimiwa?"

"Kalicha anasema yeye ndiye nakula chui. Anasema mimi nauziwa mbuzi."

Shuriye alikasirika, na alikasirika kweli, kwa sababu hakuna linalomchoma mtu kama kushukiwa jambo ambalo amelifanya. "Mbuzi! Mimi, Shuriye?"

"Leta mguu," alisema Umuro, na yale macho yake mapya yaliyotengenezwa kwa nyama ya mbuzi yakamkazia Shuriye mpaka akahisi baridi. "Kama hakuna mguu, pesa yangu yote inarudi. Ya miezi yote. Na mimi nasema sokoni."

Usingizi ulimpaa. Pesa aliweza kuzikimbia. Angeshinda Garbatulla kwa shangazi yake mwezi mzima. Lakini sokoni ndiko mama yake alikonunua maziwa, na huko wangemwambia kwamba mwanawe amefanya biashara kwa jina la haramu. Nani angebaki kuamini habari za tumbo? Akamkumbuka Tiya. Mwanamke anayezunguka Kinna na Rapsu, mwenye mtu wa ngozi, hakosi kujua mahali penye mguu mkavu wa chui wa zamani.

Alhamisi alimngoja stendi, akamvuta nyuma ya lori. Hakuwa na muda wa salamu ndefu.

"Mama Tiya, leo sitaki maneno mingi. Nataka mguu. Mguu na kucha yake."

Tasbihi ya Tiya ilisimama.

"Nani amekuambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ameniambia nini?"

"Wallahi, ni mtoto ya dada yangu! Mimi siku ya kwanza nilikataa. Hawa wanyama wanamaliza kuku, wanamaliza watoto ya mbuzi, yeye anaweka mtego. Ngozi inachukuliwa na mtu. Nyama inabaki pale, fisi anakula bure. Mimi nikasema, abo, fisi analipa nini?"

"Nyama ya nini?" aliuliza Shuriye.

"Simbamangu. Mondo. Hii paka ya msitu, ile kidogo kidogo. Chui ni moja tu, ile wiki ulisema nyama imekuwa ngumu."

Shuriye alikaa juu ya tairi. Miezi mitano amesimama mbele ya watu, ameweka mkono kifuani, ameapa kwamba hiki ni kitu cha mwituni chenye kucha, na kila alichosema kilikuwa kweli. Hajawahi kufanya biashara ya haki kwa muda mrefu namna ile.

"Umeniuzia haramu ukasema mbuzi!" alifoka, machozi yakimlenga. "Mwizi wewe! Na tasbihi mkononi!"

"Usiseme kwa sheikh! Tena watu ya barabara hawajui, watakula waende zao..."

"Watu ya barabara gani! Ni Umuro! Ni Kalicha! Watu wakubwa wote nimewaambia ni chui, na mimi..."

Akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

Tiya alimtazama. Punje za tasbihi zikaanza tena kutembea, moja moja.

"Wewe unauza chui," alisema polepole. "Kwa bei ya chui."

Shuriye aliinuka kutoka kwenye tairi.

"Na mimi nakupatia kwa bei ya mbuzi. Miezi tano." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mama mjane aliyedhulumiwa. "Shuriye. Mimi nilisema wewe ni mtu mkweli. Kumbe unanipunja."

Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kuna njia mbili: wamalizane hapo nyuma ya lori, au aende kwa Umuro akamuulize kama watu wa barabara wamefurahia chakula. Shuriye alitoa malipo ya karamu. Tiya akayapokea, akaugusa ukosi wa koti la kijivu, akasema kaka yake kule Kinna ana mabega kama yale. Shuriye akavua koti.

"Na mguu?" aliuliza kwa unyonge.

"Mguu iko hapa kwa gunia. Nitampelekea Umuro mimi mwenyewe," alisema Tiya, akinyanyua gunia. "Mteja lazima ajue nyama inatoka kwa nani."

Lakini Shuriye alikuwa amekwisha kuacha kumsikiliza. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imelia. Jana usiku sufuria ilibaki nusu, na huu ndio wakati mama yake hula.

Alikimbia. Watu wa stendi walisimama kumwangalia, kwa sababu walikuwa wamemwona Shuriye akikimbia mara nyingi, lakini siku zote kulikuwa na mtu nyuma yake. Alipita msikiti, akapita soko la maziwa, shati limemgandama mgongoni, na njia nzima aliomba jambo moja: asiwe amekula. Yeye sawa, amezoea kujibebea yake. Lakini mama yake aliyesali miaka sabini bila kukosa!

Bibi Sirad alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, sahani mapajani, mdomo unatafuna.

"Hooyo! Mama, tema! Usimeze!"

Akapiga magoti mbele yake, akayasema yote: chui, Umuro, mbuzi wasio na vichwa, mitego ya Rapsu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema ukweli bila kupata faida yoyote, na ulimtoka kwa shida. "Ni paka wa msitu, hooyo. Nimekulisha haramu miezi mitano. Nisamehe." Akalia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu mazishi ya baba yake.

Bibi Sirad alitafuna taratibu, akameza.

"Mimi?" alisema. "Mimi nyama yako sijala hata kipande. Haya ni maharagwe."

Shuriye alichungulia sahani. Yalikuwa maharagwe.

"Siku ya kwanza nilimtupia Bafta mfupa," mama aliendelea. "Akanusa, akanguruma, akapanda juu ya kabati. Paka anakataa nyama! Nikasema, warya, hii nyama iko na jambo. Nilidhani umeiba mbuzi wa mtu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungesema kweli?"

Shuriye alilifikiria swali lile kwa uaminifu. "Hapana," alisema.

"Basi nikasema, aliyeleta ndiye atakula. Mimi na maharagwe yangu."

Furaha ilimjaa Shuriye kifuani. Mama yake yuko safi! Akamshika miguu, akamshukuru Mungu, akacheka huku machozi yanatiririka. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha. Alianza kuzikumbuka zile sufuria, moja baada ya nyingine, tangu mwezi wa sita.

"Yote, hooyo?"

"Ulikuwa unaomba kuongezwa," alisema mama yake.

Jioni Umuro alikuja mwenyewe, wapiga debe nyuma yake, na mguu wa chui umefungwa kwenye kitambaa. Tiya alikuwa amemfikishia. Hakutaka kuingia. Alisimama barabarani, majirani wote wametoka nje, akaunyanyua mguu juu na kunguruma kwa ile sauti yake ya siku hizi.

"Shuriye! Mimi nilikushuku. Naomba radhi mbele ya watu. Nimenunua vitu miaka thelathini hapa Isiolo, na wewe peke yako ndiye umeniuzia kile kitu ulisema!"

Watu wakapiga makofi. Shuriye, ndani, alijifunika shuka.

Mwenye ile betri iliyouzwa mara mbili alikuwa miongoni mwa waliotoka nje. Alimgeukia bibi Sirad akiwa bado haamini masikio yake, akamuuliza kama ni kweli mwanawe amekuwa mtu wa haki.

Bibi Sirad alitazama chini, akatengeneza mtandio wake. Uongo alikuwa hajawahi kusema.

"Ulimi wake umekuwa safi," alisema. "Sasa tuombee tumbo."

Juu ya kabati, Bafta alikuwa bado hajashuka.