Mashine ya Lachie Dunphy ya Kulainisha Maganda

Lachie Dunphy alikuwa hajui bunduki hata kidogo, lakini masikio alikuwa nayo. Mchana ule aliingia baa moja ya Toowoomba, mji wa Australia, kula pai ya nyama na kujificha kidogo, maana wiki nzima alikuwa akiwauzia watu rangi ya kukinga magari na mvua ya mawe, na jana yake mawe yalikuwa yameanguka kweli. Meza ya jirani, wazee watatu walikuwa wanagombana hadi bia zinaisha povu.

"Gesi," alisema mmoja. "Moto unauona kwa macho yako."

"Umeme," alijibu wa pili. "Wewe endelea na gesi yako, tutaonana siku ya kugawa zawadi."

Wa tatu, seremala mstaafu aitwaye Mervyn Trask, alikuwa ameshika kichwa. "Mwaka mzima nasoma habari za mashine hizi. Kila nikitaka kununua, anatokea mtu mtandaoni ananiambia nimepotea."

Msomaji, usiwacheke. Hawa ni walenga shabaha, watu wanaolala kifudifudi kila Jumamosi na kupiga karatasi iliyo karibu kilometa moja. Maganda ya risasi hawatupi. Huyajaza baruti upya, tena na tena. Ganda likitumika sana, shingo yake inakakamaa, na lazima ipashwe moto kwa kiasi ili ilainike, la sivyo risasi moja itakwenda juu na nyingine chini. Mashine za kazi hiyo zipo, na wapo marafiki wa ujanani ambao hawasalimiani kwa sababu ya kuchagua ipi.

Lachie alingoja wale wawili waondoke, akahamia kwa Mervyn na pai yake.

"Mzee, samahani, nimesikia bila kutaka. Rafiki zako wamekosea wote wawili."

"Kumbe kuna njia ya tatu?"

"Ipo, ila siruhusiwi kuizungumza." Akaizungumza mpaka saa ya chakula cha jioni.

Siku mbili tatu baadaye akaleta boksi jeusi lenye taa ya kijani na kengele. Ndani yake mlikuwa na nyaya za tosta, kile kibaniko cha mkate, basi. Ukiingiza ganda, taa inawaka, kengele inalia, ganda linatoka na uvuguvugu kama yai la kuku.

"Mbona shingo haijabadilika rangi?" Mervyn aliuliza, maana mjinga kabisa hakuwa.

"Mzee wangu, mkate uliookwa vizuri unaungua?"

Mervyn aliona aibu kwa kuuliza. Fedha taslimu hakuwa nayo, lakini uani kwake palikuwa na karavani, ile nyumba ya magurudumu ambayo mkewe Glenys aliishonea mapazia kwa mkono na aliyokuwa akiingojea mwaka mzima ili waende nayo pwani, Caloundra. Glenys alikuwa kwa dada yake. Lachie akaondoka na karavani, mapazia yakipepea dirishani.

Glenys aliporudi alikuta nyasi za njano pale karavani ilipokuwa. Hakupiga kelele. Alikaa jikoni, akalia kidogo, akanawa uso, akaomba namba ya simu ya huyo bwana.

"Mwanangu Lachie," alisema kwa sauti ya asali, "mume wangu amekuwa bingwa. Klabu nzima inaitaka mashine yako. Njoo Jumamosi ujionee."

Mtu mwingine angekimbia, ila Lachie alishaanza kuwaza atanunua tosta ngapi.

Sasa hapa naomba utulivu, maana ni jambo la heshima. Kutoka pale mlenga shabaha anapolala, hakuna jicho linaloona tundu kwenye karatasi, hata kwa darubini. Mbele ya ubao kuna handaki, na humo wamo watu wa klabu. Risasi ikipita juu yao wanaushusha ubao, wanatafuta tundu, wanachomeka kisahani cha rangi pale lilipo, wanaupandisha tena. Mlengaji anajua kile anachoambiwa na handaki. Mchezo mzima unasimama juu ya uaminifu wa watu hao, na mkuu wa handaki, kwa miaka mingi, alikuwa Glenys Trask.

Jumamosi hiyo Mervyn alipiga risasi ya kwanza. Kisahani kikapanda katikati kabisa. Ya pili, katikati. Ya tatu iligonga udongo pembeni ya ubao, Glenys akapanguza vumbi miwani yake na kukichomeka kisahani katikati. Shoga zake handakini walikuwa wanauma leso.

Kule juu, Lachie alishika darubini, akavihesabu visahani mara mbili. Yeye ndiye aliyefunga zile nyaya. Labda alizifunga upande ambao hakuna mhandisi aliyewahi kujaribu. Labda maisha yake yote alikuwa fundi bila kujua. Wazo hilo lilimpa uchungu wa furaha, masikini.

Mervyn alipoinuka, Lachie alikuwa keshafika. "Mzee, boksi lako lina hitilafu ndogo. Nirudishie, nikurudishie karavani."

"Hitilafu gani? Umeuona ubao?"

"Karavani na msamaha wangu."

"Kaa na karavani yako."

Glenys alitoka handakini ananuka gundi ya karatasi, akayasikia hayo kwa masikio yake. Mpango wake wote ulikuwa umezingatia tamaa ya Lachie; ya mumewe aliisahau. Na kusema ukweli mbele ya Lachie hakuweza.

"Karavani na pikapu yangu ya kuivutia," Lachie alisema, jasho likimtoka.

"Siuzi."

"Mervyn," Glenys alisema polepole, "chagua. Hilo boksi au mimi."

Mervyn alifikiri. Nasikitika kuandika kwamba alifikiri kwa muda.

Funguo za pikapu zilihamia kwa Mervyn juu ya meza ya kuuzia soseji, na Lachie akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, boksi kifuani.

Wiki iliyofuata visahani vya Mervyn vilitawanyika ubao mzima, akamwambia kila mtu kuwa sababu ni mashine aliyolazimishwa kuiuza. Simu ya Lachie ikaanza kulia. Wa gesi alipiga, wa umeme alipiga, hata klabu za mbali zilipiga. Lachie alikuwa amejifungia chumba cha kupanga, kavunja tosta nyingi akijaribu kutengeneza boksi la pili lifanane na la kwanza. Kila mtu alimjibu kitu kimoja: haliuzwi. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na wateja wengi namna hiyo.

Mpigaji wa mwisho alikuwa ananong'ona. Nyuma yake yalisikika mawimbi, na sauti ya mwanamke ikiuliza nani kajifungia chooni.

"Ni Mervyn hapa, niko Caloundra. Sikiliza, kijana, huyu mama akilala tu nakuletea karavani."

"Mzee," Lachie alijibu kwa huzuni ya kweli, "hata ungeniletea mbili."